Kwa nini kila baba mkorofi kwenye igizo lazima ashike chupa?

Mtunza Kabati (Bagamoyo)

Habari zenu wadau. Mimi natunza maleba na vifaa vya jukwaani kwenye kikundi chetu cha maigizo hapa Bagamoyo. Baadhi yetu wamepita TaSUBa, kile chuo cha sanaa cha hapa, wengine tumejifunzia hukuhuku mtaani. Kwa hiyo swali langu ni la mtu wa kabati, si la profesa, mnivumilie.

Tunaandaa igizo la familia moja ya pwani. Baba ni mgema. Mke karudi kwao, kijana mkubwa kavuka kwenda Unguja na simu hapokei, mzee kabaki na binti yake mdogo. Skripti nzuri tu. Sasa dairekta anataka tangu mwanzo baba awe na mzinga wa wiski mkononi, ayumbe, aburute maneno, agombane na kuku, "ili watu wajue kaharibikiwa". Nikamuuliza, mgema wa Mlingotini wiski kaitoa wapi? Akanijibu, wewe lete chupa.

Chupa ninazo tele. Wiski yangu ni chai ya rangi, naichuja mara mbili kwa kitambaa maana taa ikiipiga vumbi la majani linaonekana hadi mstari wa nyuma. Waini ni juisi ya choya. Jini ni maji ya bomba. Bia ndiyo inanitoa jasho kwa sababu ya povu: nikitumia soda ya tangawizi povu limeshakufa mwigizaji hajamaliza sentensi. Tukirekodi kwa kamera kuna balaa jingine, kina cha kinywaji ndani ya glasi. Teki ya kwanza glasi imejaa, ya pili iko nusu, ya tatu imejaa tena, mhariri anakulaani hadi ukoo. Barafu siweki kabisa, kwa joto la huku inayeyuka watu wakiwa bado wanabishana kamera ikae wapi.

Ila nina kiroba kimoja kitupu, kile kipakiti cha pombe kali, nakitunza kama hati ya shamba. Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, kwa hiyo nikikiweka mezani mtazamaji anajua hadithi ni ya kabla ya hapo, hakuna haja ya kumwandikia mwaka kwenye skrini. Hicho ni kifaa kinachofanya kazi.

Chupa ya baba mkorofi haifanyi kazi yoyote, ni kibandiko tu. Tazameni sinema zetu: tajiri mbaya ana glasi ya waini kwenye sofa jeupe, mwanamke aliyeachwa ana glasi ya waini, kijana aliyepotea ana bia. Ukitaka kujua nani atapata ajali kabla ya mwisho, angalia nani kanywa. Na huku kwetu chupa ikionekana tu hukumu imeshapita, hakuna anayesikiliza tena mzee anasema nini.

Naomba mnisaidie: ni wapi mmeona, kwenye sinema, riwaya au tamthilia, kinywaji kikibeba kitu ambacho maneno yasingeweza kukibeba? Nataka mifano ya kumbana nayo dairekta. "Pombe ni ishara ya uharibifu" msiniletee, hiyo anayo yeye.

---

Mwalimu wa Ngamiani (Tanga)

Dada salaam. Nafundisha Kiswahili sekondari, kwa hiyo niruhusu nianze kwa kumtetea dairekta wako kidogo. Zakaria wa Rosa Mistika (Kezilahabi, 1971) ni baba mlevi, tena mlevi wa kutupwa. Lakini angalia ulevi wake umewekwa jirani na nini. Huyuhuyu asiyeweza kujizuia mwenyewe ndiye anayejipa kazi ya kumzuia binti. Rosa anapigwa kwa sababu ya barua ya mvulana, na mpigaji ni mtu ambaye kilabuni wanamjua kuliko nyumbani. Madhara yote yanayomfuata Rosa akiondoka pale nyumbani yanaanzia hapo. Wanafunzi wangu wakifika kwenye swali hili huandika "ulevi ni mojawapo ya dhamira", wanapata alama zao mbili na wanasonga mbele. Mimi nataka waone kwamba pombe pale inamvua baba mamlaka huku fimbo bado iko mkononi mwake.

Mfano wa pili utakufaa wewe wa kabati. Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969. Wachumba wa Portia wanatakiwa wachague sanduku moja kati ya matatu, atakayelipata lenyewe ndiye anamwoa. Yumo Mjerumani mmoja, mpwa wa mtawala wa Saxony, ambaye jioni huwa hajiwezi kwa ulevi. Portia anamwambia msaidizi wake Nerissa aweke glasi kubwa ya mvinyo wa Rhine juu ya sanduku lisilo lenyewe, maana hata shetani akiwa ndani, jamaa atalichagua hilohilo. Basi! Mjerumani hatokei jukwaani, glasi haiwekwi popote, na ukumbi umeshacheka. Kifaa ambacho hukuhitaji hata kukitafuta.

Na kwenye Juliasi Kaizari kuna ule ugomvi wa Brutus na Cassius, waliomuua Kaizari, wakiwa hemani. Wametukanana vya kutosha, wamepatana, ndipo Brutus anasema mkewe amefariki. (Naye anaitwa Portia. Shakespeare kwenye majina alikuwa mchoyo.) Cassius anashtuka, anataka kuuliza zaidi. Brutus anakata: asitajwe tena, leteni bakuli la mvinyo. Anasema ndani ya bakuli hilo anauzika ugomvi, lakini kila mwenye macho anaona anazika na kingine. Mwanamume aliyejikataza kulia anaomba kinywaji. Hapo hakuna kuyumba wala kuburuta maneno.

---

Fundi Redio (Chumbageni, Tanga)

Mimi shule sikufika mbali ila sinema za zamani niulizeni, usiku nikifunga kibanda ndiyo kazi yangu.

Casablanca, 1942. Rick ana baa, na ana mwiko wake: hanywi na wateja. Kwa hiyo anapokuja kukaa meza moja na wateja na kunywa nao, hata kapteni wa polisi anashangaa kwamba mwiko umevunjwa. Usiku wake anakaa peke yake gizani na chupa. Halafu tunarudishwa nyuma Paris, Wajerumani wanakaribia kuingia mjini, wao wanamalizia shampeni ya mwenye mgahawa ili adui akifika asikute tone. Mnaona hapo? Kinywaji kilekile kimoja, kwenye baa ni donda, Paris ni vita.

Lakini ninayoipenda zaidi si pombe. Mwisho kabisa, kapteni wa polisi Renault anajimiminia maji ya chupa. Anageuza chupa, anasoma lebo: Vichy. Huo ndio mji wa ile serikali ya Ufaransa iliyokuwa inashirikiana na Hitler. Anaitupa chupa kwenye pipa la taka na pipa analipiga teke. Hakuna hotuba. Mtu kabadilisha upande kwa chupa ya maji! Sinema nzima watu wanakunywa konyaki na shampeni, na uamuzi mkubwa umefanyika kwa maji.

Nyingine ni The Lost Weekend ya 1945, iliyochukua Oscar ya filamu bora. Mwandishi asiyeandika, kazi yake ni kunywa na kuficha chupa. Moja kaining'iniza nje ya dirisha kwa kamba, nyingine kaitia ndani ya taa ya darini. Kuna mahali yuko kaunta, glasi imeacha duara la maji juu ya mbao. Mwenye baa anataka kufuta, yeye anamkataza. Kamera inarudi baadaye, maduara yamekuwa mengi. Hujamwona akinywa hata moja kati ya hizo, umehesabu mwenyewe. Dada, mwambie dairekta wako maduara hayana gharama, ni maji na meza.

---

Abu Swafiya (Bagamoyo)

Assalaam alaykum. Naona mnazungumza kana kwamba kinywaji kwenye fasihi ya watu wa dini ni dhambi tu. Sivyo. Ibn al-Farid, mshairi wa Cairo aliyefariki 1235, ana kasida nzima ya mvinyo. Anaianza kwa kusema tulikunywa kwa kumkumbuka Mpenzi, tukalewa kabla mzabibu haujaumbwa. Mvinyo gani huo wa kabla ya mzabibu? Ndiyo mapenzi ya Mwenyezi Mungu. Hakuna aliyefungua chupa. Na mito ya peponi katika Suratu Muhammad, mmojawapo ni wa mvinyo wenye ladha kwa wanywao. Pombe ya dunia tunaikataa, lakini maana yake hatuigawi bure. Hilo tu, endeleeni.

---

Mtunza Kabati

Waalaykum salaam ustadh. Shikamoo Mwalimu, na Fundi nakushukuru, hayo maduara kesho nayafanyia mazoezi juu ya meza ya mbao.

Nimempelekea dairekta bakuli la Brutus. Kasoma, kanyamaza, halafu: "Sawa, ila watazamaji wetu si wa Shakespeare." Hili neno "watazamaji wetu" linanichosha. Watazamaji wetu ni wanawake wanaosubiri ngalawa pale ufukweni kununua samaki wa kukaanga. Wanasoma uso wa mvuvi kabla hajashusha tenga. Hao ndio washindwe kusoma kikombe?

Ila kuna jambo bado linanikera. Mifano yote mnayonipa, kinywaji ni cha dukani au cha baa. Baba yangu wa igizo ni mgema. Kinywaji ndiyo kazi yake, ndicho kinacholipa ada ya binti. Huyo naye akishika kibuyu inamaanisha nini?

---

Mangi wa Mkwakwani (Tanga)

Hapo umegusa. Kwetu Kilimanjaro mbege si ya mlevi, ni ya shughuli. Ndizi na ulezi, inapikwa siku kadhaa, na kata, yaani kibuyu cha kunywea, inazunguka kwa utaratibu, mkubwa na mdogo wanajulikana. Posa bila mbege ni maongezi tu. Mtu akikataa kata yako mbele ya ukoo, hiyo ni kesi.

Ngũgĩ wa Kenya aliliona hili kwenye riwaya yake Petals of Blood (1977). Theng'eta ni kinywaji cha wazee wa kijiji cha Ilmorog, bibi Nyakinyua ndiye anayejua kukitengeneza, kinanyweka kwa heshima na watu wakikinywa wanatoa ya moyoni. Baadaye mji unakua, kinakuwa biashara, na mwisho wenye mitaji wanakijengea kiwanda. Jina ni lilelile, ila waliokianzisha hawamo. Huhitaji kueleza ubepari ni nini.

---

Mjukuu wa Mgema (Pangani)

Dada, babu yangu aligema hadi magoti yalipomkatalia, kwa hiyo sikiliza.

Mgema anapanda asubuhi na jioni. Juu kule analipunguza karara kidogo kwa kotama, kile kisu cha mgema, kipande chembamba kama ukucha, utomvu unaanza kudondoka kwenye kibuyu. Asipopanda, kidonda kinakauka na mnazi unafunga. Hakuna cha kusema leo nimechoka. Tembo la asubuhi likishuka ni tamu, jioni limekuwa kali, kesho yake linaelekea kuwa siki, na siki yake inatiwa kwenye achari. Nyie mnahangaika na chupa inayokaa kabatini miaka. Kinywaji cha baba yako kina saa ndani yake.

Na mgema mzuri hajinywei ovyo. Mlevi na minazi haviendi pamoja, babu alikuwa akisema wateja wake ndio walewe, yeye ana safari ya juu. Kwa hiyo baba aliyeharibikiwa si yule anayekunywa. Ni yule ambaye hapandi. Kotama imening'inia ukutani, kibuyu juu ya mnazi kimefurika, nyuki wamejaa, na jirani wanapita wanaangalia juu hawasemi kitu.

---

Mwalimu wa Ngamiani

Pangani umenikumbusha riwaya ya Tutuola wa Nigeria, The Palm-Wine Drinkard, 1952. Jamaa anakunywa tangu ana miaka kumi, baba yake kampa shamba la michikichi 560,000 na mgema wake mwenyewe. Asubuhi mitungi 150. Nyumba imejaa marafiki. Siku mgema anaanguka mtini na kufa, tembo linakatika na marafiki hawaonekani tena mlangoni. Ndipo anafunga safari kwenda kwenye mji wa wafu kumtafuta mgema. Watu husoma kile kitabu wakacheka vituko, mimi naona mtu anayetafuta sababu ya watu kuja kwake.

---

Mtunza Kabati

Pangani, Mungu akuweke. Nimeandika upya orodha ya vifaa na mzinga wa wiski nimeufuta.

Onyesho la kwanza, kibuyu kinashushwa asubuhi, baba anammiminia jirani anayemdai, deni linasogezwa mbele. La pili, jioni, kikombe kimewekwa mahali pa mke na hakuna anayekigusa. La tatu kotama iko ukutani tangu mwanzo hadi mwisho, na binti anachukua tembo lililochacha analitia kwenye maembe mabichi na pilipili, anafunga achari kwenye vifuko akauze shuleni. Baba anamtazama. Hilo la binti dairekta kalipenda mpaka anasema ni wazo lake, mwacheni. Ila bado anataka mzee ayumbe "hata mara moja tu".

Sasa nisaidieni rangi. Tembo ni jeupe la ukungu. Nimejaribu madafu na tui kidogo, mbele ya taa linapendeza, lakini kwa joto hili tui linajitenga na kunuka, na mwigizaji lazima anywe kweli.

---

Mjukuu wa Mgema (Pangani)

Achana na tui. Tumia maji ya kuoshea mchele, yale ya pili baada ya kumwaga yenye uchafu, uyachemshe, uyaache yapoe. Rangi ndiyo hiyohiyo. Povu yapige kwa upawa nyuma ya pazia kabla tu hajaingia, na umimine kutoka juu, mgema hamimini karibu karibu. Na huyo anayetaka mzee ayumbe, mpeleke kwanza chini ya mnazi aangalie juu.