Naomba ushauri: nataka kuwapiga picha wasanii sebuleni kwangu

Habari zenu wakuu. Miaka yote nimepiga picha za harusi na sherehe, kazi ya kukimbizana na watu. Sasa nataka kitu changu mwenyewe: picha za sura za wasanii wa mtaani kwetu, wachoraji, waimbaji na mchongaji mmoja. Simtozi mtu, wala silipwi.

Nina kamera moja, lenzi ya milimita 50 na dirisha kubwa. Juzi nilijaribu na mdogo wangu. Nikatundika shuka jeupe dirishani, mwanga ukalainika vizuri, ila shavu la upande wa pili likawa jeusi kama masizi. Nikawasha taa ya dari, ndio nikaharibu kabisa: nusu ya uso njano, nusu buluu. Nikaizima, nikaegemeza ubao mweupe kwenye kiti karibu na shavu lile, angalau jicho likaonekana. ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kunasa mwanga) ilikuwa 1600 na chengachenga zipo kwenye picha. Ninunue taa, au nimsogeze tu mtu karibu na dirisha?

Kinachonisumbua zaidi ni watu wenyewe. Jukwaani ni simba, ukimkalisha kwenye stuli anakakamaa kama anapigwa picha ya kitambulisho. Mnawalegezaje? Mchongaji aje na patasi yake, au itavuta macho kuliko sura yake?

Halafu makubaliano. Picha nimepiga mimi, sura ni ya msanii. Yeye akiitaka kwa bango la shoo, mimi nikiitaka kwa maonyesho, tuandikishane nini mapema? Hawa ni rafiki zangu, sitaki tugombane.