Dataloga ya ghala la kahawa inaonyesha ukavu usiku na unyevu mchana: nimekosea wapi?

MtunzaGhala_Moshi

Habari zenu wanajukwaa.

Ninatunza ghala la chama kimoja cha msingi cha ushirika katika ukanda wa juu wa Moshi, ambamo tunahifadhi kahawa ambayo wakulima wameshaikausha lakini haijapelekwa kukobolewa. Mwaka huu mzigo umechelewa kuondoka na vuli imetukuta nao ndani, ndipo kamati ikaridhia tununue dataloga mbili, yaani vifaa vinavyojirekodia joto na unyevu wa hewa, zile ndogo zinazochomekwa kwenye kompyuta, ili tuache kukisia kwa kupapasa magunia.

Nilizipanga zirekodi kila dakika 1, nikiamini kwamba wingi wa vipimo ndio usahihi, kisha nikazitundika pamoja kwenye msumari ulio juu ya mlango, usawa wa linta. Nilipokwenda kuzisoma baada ya majuma matatu nilikuta zimeacha kurekodi tangu siku ya 12. Lakini lililonileta hapa ni grafu yenyewe. Karibu kila siku unyevu unafika kilele cha asilimia 88 ifikapo 11:00, joto likiwa nyuzijoto 17, halafu unashuka polepole hadi asilimia 51 ifikapo 20:00, joto likiwa nyuzijoto 26. Mwenyekiti alipoiona alisema kwamba ghala lililofungwa haliwezi kukauka saa mbili usiku isipokuwa kuna mtu anayefungua milango sisi tukishaondoka, na sasa mlinzi ametakiwa kutoa maelezo kwa maandishi, ingawa daftari lake la lindo halina lolote la kutilia shaka.

Tena vifaa hivyo viwili, japokuwa vilining'inia bega kwa bega, vinapishana kwa asilimia 5 muda wote. Naomba mnisaidie kujua kama ni vibovu, kama nilivipanga vibaya, au kama kweli kuna mtu anaingia ghalani. Na je, hiyo asilimia 88 maana yake ni kwamba kahawa yetu itaota ukungu?

FundiVipimo_Arusha

Ndugu mtunza ghala, kabla ya jambo lingine lolote, mwombeni radhi mlinzi.

Tazama safu ya joto katika faili lako mwenyewe, ambayo naona kamati haikuitazama. Ni wapi huko Moshi ya juu ambako saa mbili usiku kuna nyuzijoto 26 na saa tano asubuhi kuna nyuzijoto 17? Ghala huwa la baridi kuliko wakati wowote alfajiri, karibu na saa kumi na mbili, na hufikia joto lake la juu kwenye saa tisa alasiri. Ukilinganisha hizo na saa za faili lako utaona kwamba faili liko mbele kwa saa 5 kamili. Sisi wa Afrika Mashariki tuko UTC+3, yaani saa 3 mbele ya saa ya kimataifa (UTC), na China, ambako vifaa vingi vya namna hii hutengenezwa, wako UTC+8. Dataloga haijui iko wapi, bali hupewa saa na programu ya kompyuta wakati unapoianzisha, na baadhi ya programu hizo zina uchaguzi wake wa ukanda wa saa ambao huachwa kama ulivyotoka kiwandani. Fungua mipangilio, weka UTC+3, kisha anzisha upya. Data za zamani usizitupe. Zifungue kwenye Excel na upunguze saa 5 katika kila mstari, ukihakikisha pia kwamba tarehe inaanza na siku na si mwezi, maana tarehe 3 Novemba ikisomwa kama tarehe 11 Machi utakuwa umetoka kwenye tope na kuingia kwenye matope.

Kuna mtego mwingine wa saa ambao ni wetu wenyewe. Mlinzi akiandika "saa 11" anamaanisha 17:00 au 05:00, ilhali faili likiandika 11:00 linamaanisha saa tano. Kubalianeni namna moja ya kuandika kabla hamjalinganisha daftari na grafu, la sivyo mtamshuku mtu mwingine tena.

Sasa kuhusu kupanda na kushuka kwenyewe. Asilimia ya unyevu haikuambii hewa ina maji kiasi gani. Inakuambia imeshiba kiasi gani ukilinganisha na maji ambayo ingeweza kuyabeba kwa joto lile, na hewa yenye joto hubeba mengi zaidi. Nimepiga hesabu kwa namba zako: hewa ya nyuzijoto 17 yenye asilimia 88 na hewa ya nyuzijoto 26 yenye asilimia 51 zina maji yaleyale, takribani gramu 12 na nusu katika kila mita ya ujazo, na zote mbili zingeanza kutoa umande zikipozwa hadi nyuzijoto 15. Hicho ndicho huitwa kiwango cha umande, na programu nyingi za dataloga huweza kukichora kama mstari wa tatu. Kwako mstari huo umelala karibu sawa usiku na mchana, kwa hiyo grafu iliyomtia mlinzi mashakani haina dalili yoyote ya hewa ngeni kuingia ghalani.

Kipindi cha dakika 1 ni kikali mno. Siku moja ina dakika 1,440, na vifaa vingi vya daraja hilo vina nafasi ya rekodi 16,000, ndiyo maana vilijaa siku ya 12. Weka dakika 15, upate rekodi 96 kwa siku, na nafasi ileile itakutosha kwa zaidi ya miezi mitano. Utaulizwa pia kama kikijaa kisimame au kifute rekodi za mwanzo. Mimi huchagua kisimame, kwa sababu pengo la mwisho unaliona, bali rekodi za mwanzo zikifutwa kimyakimya huna habari mpaka siku unapozihitaji.

Tofauti ya asilimia 5 si ajabu, kwani kila kihisi kikiruhusiwa kukosea asilimia 3 juu au chini, viwili vinaweza kuachana hadi asilimia 6. Lakini vipime kwa chumvi. Chukua chumvi ya mezani, tia maji kidogo iwe kama uji mzito, si maji ya chumvi, weka ndani ya chombo chenye mfuniko usiopitisha hewa, na vifaa vyote viwili vikae juu yake bila kuigusa. Acha usiku kucha mahali ambapo joto halibadiliki. Hewa ya humo ndani itatulia kwenye asilimia 75, na kila kifaa kitajieleza chenyewe.

Mzee_wa_Magunia

Kijana wangu, fundi amesema vizuri kuhusu saa, ila hakugusa ule msumari. Nimetunza maghala ya kahawa miaka mingi, na nakuambia kwamba juu ya mlango, karibu na bati, unapima bati na mlango, hupimi kahawa. Bati likipigwa na jua, hewa ya juu huchemka wakati magunia ya chini bado yana baridi ya usiku. Teremsha kifaa kimoja hadi usawa wa katikati ya rundo, mbali na ukuta, taa na dirisha, na cha pili kichomeke katikati ya magunia mawili ndani kabisa ya rundo. Kile cha nje kitakupa habari za chumba, cha ndani kitakupa habari za mzigo, na hizo ni habari mbili tofauti. Hakikisha pia magunia yamekaa juu ya chaga na yameachana na ukuta. Nazungumzia chaga za mbao, maana huku kwetu neno hilo huleta utani.

Ukungu hauletwi na saa tatu za alfajiri zenye asilimia 88. Kahawa hunywa na kutoa unyevu polepole sana, kwa hiyo linalohesabika ni hali inayodumu siku na siku. Hewa iliyo kati ya magunia ikikaa kwenye 60 hadi 65, mbegu zenyewe zitatulia kwenye unyevu wa karibu asilimia 11 au 12, na hapo lala usingizi. Ikipanda 70 na kubaki huko, amka. Na bado uchukue kahawa kidogo kutoka magunia kadhaa uipime kwa kipima unyevu cha kahawa, kwa sababu dataloga hupima hewa tu.

Jambo ambalo vijana wengi hulikosea ni madirisha. Mvua ya vuli ikikatika na jua likachomoza, mtu hufungua kila kitu ati ghala lipumue. Hewa ya nje wakati huo ikiwa na nyuzijoto 19 na asilimia 95, kiwango chake cha umande kinapita nyuzijoto 18, na magunia yako yana 17. Umeyaletea jasho kwa mkono wako mwenyewe. Fungua pale tu kiwango cha umande cha nje kikiwa chini kuliko cha ndani.

MtunzaGhala_Moshi

Shikamoo mzee wangu, na ahsante sana fundi.

Nimerudi na majibu baada ya siku tisa. Programu ilikuwa kweli kwenye UTC+8. Nimeonyesha kamati grafu iliyosahihishwa pamoja na mstari wa kiwango cha umande, na barua ya mlinzi imerudishwa kwake. Mwenyekiti alimfuata getini mwenyewe. Katika chombo cha chumvi kifaa cha kwanza kilisoma 76 na cha pili 71. Kile cha pili, ambacho sasa kimo ndani ya rundo, kinasoma kati ya 58 na 60 usiku na mchana bila kuyumba, nami najumlisha 4. Je, nitaendelea kujumlisha hivyo siku zote?

MamaMbegu_Tengeru

Marahaba ya mzee atakupa mwenyewe. Mimi nijibu la mwisho. Hiyo 4 uliipata kwenye asilimia 75, na si lazima iwe hivyohivyo kwenye 40, lakini kwa kuwa wewe unashughulika na eneo la 60 hadi 75 itakufaa. Vihisi vya unyevu huhama kidogo kidogo kadiri vinavyozeeka, na vumbi la ghalani huharakisha hilo, kwa hiyo rudia chumvi kabla ya masika. Masahihisho yaandike kwenye kipande cha plasta mgongoni mwa kifaa pamoja na tarehe, wala usibadilishe namba ndani ya faili la asili. Fanya nakala ndiyo uijumlishie, maana mtunza ghala atakayekufuata naye anaweza kujumlisha 4 yake juu ya yako.