Biblia ya Washington: mwenye mali ni nani?

Wakuu, salaam. Siku zote nilidhani Biblia aliyoapia George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, ni mali ya serikali yao. Kumbe ni ya tawi la Freemason la New York, St. John's Lodge No. 1! Ilifikaje huko?

JIBU 1: Haikufika huko mkuu, ilitoka huko. Tarehe 30 Aprili 1789 watu wamejaa, mgeni rasmi yuko tayari, Biblia hakuna! Ikakimbiliwa ya wale jamaa, kiapo kikaisha, ikarudi kwa wenyewe. Baadaye marais wengine wakaiazima kuapia: Harding 1921, Eisenhower 1953, Carter 1977, Bush mkubwa 1989.

JIBU 2: Naongezea. 2001 Bush mdogo aliitaka pia, ila mvua ikanyesha, haikutolewa nje. Mimi kazi yangu ni kukarabati vitabu vya zamani. Kitabu kilichochapwa 1767 kama hicho kikilowa, kurasa zinagandana na ngozi ya jalada inajikunja. Ningekataa hata mimi, rais au si rais.

MUULIZAJI: Kwa hiyo rais naye anaazima kama sisi?

JIBU 1: Anaazima. Na wenyewe wanaisindikiza.