Kama insulini ni ufunguo, kitasa kiko wapi?

mwalimu_wa_jioni

Habari za leo, wanajukwaa. Ninafundisha Baiolojia kidato cha tano, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwaeleza wanafunzi kwamba insulini ni ufunguo unaofungua mlango wa seli ili glukosi iingie. Wiki hii mwanafunzi mmoja alinyoosha mkono akauliza mambo mawili yaliyonikwamisha mbele ya darasa zima. La kwanza: ikiwa glukosi hupitia kwenye protini ya utando, ikitoka palipo na nyingi kwenda palipo na kidogo bila seli kutumia nishati, basi kitasa kinachofunguliwa kiko sehemu gani ya protini hiyo? La pili: bibi yake ana kisukari, na kliniki wamemshauri atembee kila jioni ili sukari ishuke, ikiwa ufunguo wenyewe haufanyi kazi sawasawa, misuli ya bibi inaiingizaje sukari hiyo? Nimemwahidi jibu Jumatatu. Vitabu nilivyo navyo vinachora utando na mshale, basi.

maabara_usiku

Mwalimu, huyo kijana amegusa penyewe: kitasa hakipo. Protini inayohusika kwenye misuli na seli za mafuta huitwa GLUT4, nayo ikishakaa kwenye utando wa nje hufanya kazi yake yenyewe. Glukosi hujishikiza upande wa nje, protini hubadili umbo, na glukosi hutokea upande wa ndani. Kinachodhibitiwa hasa ni idadi ya milango iliyoko kwenye utando. Wakati insulini ni kidogo, zaidi ya asilimia 90 ya GLUT4 huwa imehifadhiwa ndani ya seli, kwenye vifuko vidogo vya utando, mahali ambapo haiwezi kupitisha chochote kutoka kwenye damu. Insulini haiigusi kabisa. Hujishikiza kwenye kipokezi chake kilicho juu ya seli, na kipokezi hicho huamsha mlolongo wa protini ambao mwishowe huondoa breki iliyokuwa ikivizuia vifuko; ndipo vifuko husogea, huungana na utando wa nje, na milango ikajikuta imetazama damu. Insulini ikipungua, utando hujikunja kwenda ndani na kuirudisha milango hiyo bohari.

Wanafunzi hupenda kujua jambo limejulikanaje, kwa hiyo waeleze pia kwamba mwaka 1980 makundi mawili ya watafiti, Cushman na Wardzala kwa upande mmoja, Suzuki na Kono kwa upande mwingine, yalilionyesha jambo hili kila moja kwa njia yake, yote yakitumia seli za mafuta za panya. Cushman na mwenzake walizivunja seli, wakatenganisha utando wa nje na ule wa ndani kwa mashine inayozungusha kwa kasi, kisha wakahesabu milango kwa sitokalasini B, kemikali inayong'ang'ania protini za kupitisha glukosi. Seli zilizopewa insulini zilikuwa na milango mingi zaidi kwenye utando wa nje, na michache zaidi kwenye utando wa ndani. Milango ilikuwa imehama.

Kuhusu bibi: msuli unapojikunja, kalsiamu pamoja na kimeng'enya kiitwacho AMPK, ambacho huhisi upungufu wa nishati, husaidia kuvisukuma vifuko kwenda juu kwa njia isiyopitia kwenye kipokezi cha insulini. Katika kisukari cha aina ya pili njia hiyo huwa bado inafanya kazi.

mfamasia_wa_kata

Nakubaliana na mchangiaji aliyetangulia, ila Mwalimu awaonye wanafunzi wasidhani kwamba kila seli hungoja insulini. Chembe nyekundu za damu hutumia GLUT1, na seli za neva za ubongo hutumia zaidi GLUT3. Milango hiyo hukaa kwenye utando wakati wote, jambo la busara, kwa kuwa ubongo haungestahimili kusubiri mlo. Tena si kila mlango hufuata mteremko. Seli za utumbo mdogo zina protini iitwayo SGLT1, ambayo huingiza ioni mbili za sodiamu pamoja na molekuli moja ya glukosi, hivyo sodiamu inayoteremka huivuta glukosi hata pale inapobidi ipande. Hapo ndipo ilipo siri ya ORS, ule mchanganyiko wa chumvi na sukari anaopewa anayeharisha: lita moja ya mchanganyiko wa Shirika la Afya Duniani ina milimoli 75 za glukosi na milimoli 75 za sodiamu, na maji hufuata nyuma yao. Mama anayeongeza sukari "ili mtoto apate nguvu" huharibu uwiano huo, na kuhara kunaweza kuzidi.

mwokaji_mikate

Niongeze la chachu, kwa kuwa ndiyo ninayoshinda nayo. Chachu iliyozoea kula sukari ya maltozi huwa na mlango maalumu wa maltozi kwenye utando wake. Ikipewa glukosi, huuwekea mlango huo alama ya protini ndogo iitwayo yubikwitini, huumeza, na kuusaga kabisa. Glukosi ikiisha, lazima mlango utengenezwe upya, ndiyo maana chachu hutulia kwa muda kabla ya kuanza tena kutoa gesi. Msuli huweka akiba, chachu hubomoa.

mwalimu_wa_jioni

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Limebaki moja, maana najua litaulizwa: je, msuli wa mgonjwa wa aina ya pili umepungukiwa na GLUT4?

maabara_usiku

Kwa kawaida hapana, Mwalimu. Kwenye misuli yake kiasi cha GLUT4 hukaribia kile cha mtu mzima wa afya. Kilicholegea ni ujumbe wa insulini wa kuipandisha. Kwenye seli za mafuta hali ni tofauti, huko protini yenyewe hupungua. Mazoezi ya mara kwa mara huufanya msuli utengeneze GLUT4 zaidi, kwa hiyo bibi akitembea jioni baada ya jioni, licha ya kuipandisha milango aliyonayo, anaongeza na ile iliyoko bohari.