Majirani wa Njia ya Mwembeni, Jumamosi asubuhi

[06:48] Mama Neema: Habari za asubuhi majirani. Jamani, kuna mtu mwingine nyasi zake zimeliwa? Jana jioni ukoka wangu ulikuwa kijani, leo nimefungua mlango naona vijiti tu. Kuanzia getini hadi kwenye mwembe!

[06:49] Mama Neema: 📷 Picha

[06:52] Baba Junior: Mchwa hao. Pole sana jirani.

[06:53] Baba Junior: Hata kwangu zimekauka mabakamabaka tangu wiki iliyopita. Wanatoka kwenye kile kiwanja cha kona kisichofyekwa. Nilisema mimi.

[06:55] Da Rehema: Kwangu kuna maduara mawili ya njano. Nilidhani ni jua.

[06:58] Baba Junior: Tuchange. Kuna kijana ana bomba la mgongoni, anapiga dawa nyumba zote kwa siku moja. Elfu 10 kila nyumba.

[06:59] Mama Kelvin (Mweka Hazina): Maadamu tumefika kwenye michango, nyumba nne hazijalipa ya taka ya mwezi wa 10. Zinajijua.

[07:00] Baba Junior: 😂😂

[07:14] Mzee Mgaya: Hamjambo wanangu. Kabla hamjachanga, nani amemwona mdudu?

[07:15] Da Rehema: Shikamoo mzee

[07:15] Mama Neema: Shikamoo baba. Mdudu sijamwona. Nimeona nyasi tu. Yaani hata nyasi sijaziona 😅

[07:18] Mzee Mgaya: Marahaba. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo unayo? Tia vijiko viwili vya chakula kwenye maji lita 4. Mwagia eneo la kama mita moja kwa mita moja, mpakani, pale nyasi mbichi zinapokutana na zilizoliwa. Katikati ya kipara usihangaike, walishakula wakahama. Halafu simama hapo dakika 10.

[07:41] Mama Neema: MAMAAAA

[07:41] Mama Neema: 📷 Picha

[07:42] Mama Neema: Wanatoka kama watu wanaokimbia mvua! Nimehesabu hadi 20 nikaacha. Weusi, wana mistari ya kijani-njano ubavuni.

[07:46] Mzee Mgaya: Viwavijeshi. Mchwa angekuachia udongo udongo juu ya majani, na angeanza na yale makavu. Hawa nondo wao, wale vipepeo wa usiku, walikuja na mvua hizi za kwanza za vuli, wakataga.

[07:47] Mama Neema: Lakini baba, kwa usiku mmoja?

[07:51] Mzee Mgaya: Hawakuja jana. Wana kama wiki mbili humo ndani. Wakiwa wadogo hula kidogo sana, huwezi kugundua. Siku zao za mwisho ndipo hula kama waliofunga mwezi mzima. Kilosa tulikuwa na mitego ya nondo vijijini kwa ajili hiyo: ukiona nondo wengi mtegoni, unajua kiwavi yuko njiani, unamwahi.

[07:53] Baba Junior: Kumbe ndio haohao walioko kwangu. Kijana aje saa ngapi?

[07:53] Mzee Mgaya: Umemwaga sabuni?

[08:10] Baba Junior: Nimemwaga. Katoka nyungunyungu mmoja, kaniangalia karudi.

[08:11] Mzee Mgaya: Shika nyasi zilizokauka, zivute kama unakunja mkeka.

[08:15] Baba Junior: Mzee!! Zimenyanyuka zote, hazina mizizi! Chini kuna funza weupe wanene, wamejikunja. Ndio maana kunguru wanashinda hapa wanachokoachokoa, nami nawafukuza kila siku.

[08:17] Mzee Mgaya: Ungewaacha, walikuwa wanakufanyia kazi bure. Hao ni watoto wa mbawakawa. Samadi uliweka lini?

[08:18] Baba Junior: Mwezi wa 7. Kirikuu kizima. Ilikuwa bado inafuka.

[08:20] Mzee Mgaya: Mbichi. Mbawakawa wanapenda kutaga kwenye mbolea ya namna hiyo. Chimbua mabaka hayo, waokote uwape kuku. Dawa ya kupuliza juu ya majani isingewafikia huko chini, elfu 10 zako zingekwenda na upepo.

[08:21] Mama Kelvin (Mweka Hazina): Kuku ninao. Baba Junior lete ndoo.

[08:22] Mama Kelvin (Mweka Hazina): Na ile samadi ndiyo iliyoleta ndago, hadi kwangu zimefika 😒

[08:30] Da Rehema: Mzee, mimi sabuni haijatoa kitu na mizizi imeshika vizuri. Ila pembeni ya duara nyasi zimekolea kijani kuliko kwingine kote.

[08:31] Mzee Mgaya: Una mbwa?

[08:31] Da Rehema: 😳 Simba

[08:34] Mzee Mgaya: Basi huyo. Mkojo una kitu kilekile cha mbolea ya urea. Katikati unazidi, unaunguza. Pembeni unafika kidogo, unarutubisha. Akikojoa mwagia maji mengi papo hapo.

[08:36] Mama Neema: Baba, mimi nipige dawa au nichemshe mwarobaini?

[08:37] Mzee Mgaya: Viwavi wana urefu gani?

[08:38] Mama Neema: Kama nusu ya kidole changu. Sentimita 3 hivi.

[08:44] Mzee Mgaya: Hao ni wakubwa, siku chache tu wataingia ardhini wenyewe. Mwarobaini huwasumbua wakiwa wadogo. Hawa utakuwa unawatilia kiungo kwenye mboga. Palipokwisha kuliwa, ukipiga dawa unawagharamia mazishi. Kama upande wa jikoni bado kijani, hapo piga, jioni. Nenda duka la pembejeo, taja kiwavi na taja nyasi, dai chupa yenye lebo inayosomeka na namba ya usajili. Usikubali ya kupimiwa kwenye chupa ya maji. Na viwavi wa hapo palipopigwa dawa kuku wasile.

[08:46] Mama Neema: Na zilizoliwa ning'oe nipande upya?

[08:49] Mzee Mgaya: Usiguse! Wamekula majani, ukoka wenyewe unatambaa chini na mizizi ipo. Mvua zikikatika mwagilia asubuhi mara mbili kwa wiki, maji yazame. Ile ya kunyunyiza kidogo kidogo kila jioni inalea ukungu. Na yule kijana wa slesha mwambie akate theluthi moja ya urefu tu. Kwa Baba Junior huwa ananyoa hadi ngozi.

[08:50] Baba Junior: Mzee jamani 🙈

[11:26] Mama Kelvin (Mweka Hazina): Kuku wamekula funza hadi wamejilaza. Asante Baba Junior. Sasa na ile ya taka?

[11:27] Baba Junior: 🚫 Ujumbe huu umefutwa