Mjadala: Mwanafunzi wa uzamili avalishwe joho kabla hajarudisha majibu kijijini?

Afisa ugani, Kongwa (mleta mada)

Wadau, habari za kazi. Kila msimu wa mavuno huku Dodoma napokea barua ya halmashauri: mpokee mwanafunzi wa uzamili, mpe ushirikiano. Siku hizi wengi wanasomea mifumo endelevu ya chakula, lishe au usalama wa chakula. Fani hii ilishika kasi tangu mkutano wa Umoja wa Mataifa wa mifumo ya chakula wa mwaka 2021, na Dar es Salaam ilipopokea jukwaa la Afrika la mifumo ya chakula Septemba 2023, ndiyo kabisa. Naipenda. Inatazama chakula kuanzia mbegu hadi sahani, wakati sisi serikalini tumezoea kukigawa vipande vipande: kilimo kwake, afya kwake, biashara kwake.

Linaloniuma ni hili. Mwanafunzi anapiga hodi kwa mama, anamkalisha na dodoso hadi jua linapanda, anachota karanga zake, anazitia kwenye mfuko wa kaki, anaandika namba, anaondoka. Majibu hayarudi. Yanabaki kwenye tasnifu ya Kiingereza, ndani ya maktaba ya chuo.

Napendekeza hivi: chuo kisimtunuku shahada mpaka asimame kwenye mkutano wa kijiji alichochukua sampuli, aeleze kwa Kiswahili alichokiona, na muhtasari wa mkutano huo uwekwe kwenye faili lake pamoja na tasnifu.

Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka na karanga, iliwapata watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, 20 wakafariki. Walikula mahindi waliyolima wenyewe. Sasa tazama karanga zinavyomenywa. Zinanyunyiziwa maji kwanza ili ganda lilainike, vidole visichubuke. Maji yale yale ndiyo yanayoukaribisha ukungu. Zikishamenywa, punje nono zinakwenda sokoni. Zilizosinyaa, zilizovunjika na zilizobadilika rangi zinabaki nyumbani, zinatwangwa, zinatiwa kwenye mboga na kwenye uji wa mtoto. Watafiti wameshaliandika jambo hili, tena si mmoja. Mama anayemenya hajaambiwa.

Mhadhiri, Morogoro

Bwana shamba, uchungu wako nauelewa, lakini kanuni hiyo siiungi mkono.

Shahada ya uzamili ni miaka miwili. Mwanafunzi anaingia uwandani mwaka wa pili, sampuli zinasubiri zamu maabara, na majibu yanapotoka fedha ya ufadhili imekwisha. Wengi wanajilipia. Unataka mtoto wa mkulima akose shahada kwa sababu amekosa nauli ya kurudi Kongwa?

La pili ni zito zaidi. Tasnifu moja ni sampuli chache za msimu mmoja. Mwanafunzi akisema mkutanoni kwamba mahindi ya kijiji hiki yana sumukuvu, jioni dalali anajua, kesho bei imeshuka. Tusisahau Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo hiyo. Zuio lilidumu siku chache tu kabla ya kugeuzwa masharti, ila malori yalikuwa yameshakwama mpakani.

Mwanafunzi wa uzamili (lishe), Iringa

Mwalimu, shikamoo. Nauli isiwe sababu. Andiko la utafiti lina bajeti: posho ya wasaidizi, vitendanishi vya maabara, kuchapa na kujalidi tasnifu. Safari ya kurudisha majibu ikiwekwa humo tangu mwanzo, mfadhili ataiona kama gharama nyingine yoyote. Haiwekwi kwa sababu hakuna msimamizi anayeiulizia.

Mimi nauliza maswali kwa Kiswahili, najibiwa kwa Kiswahili na Kihehe, kisha nakaa usiku kutafsiri kila kitu kwa Kiingereza ili wasomaji wawili watatu wanipe alama. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Hapa Iringa ni zaidi ya nusu. Mkoa unaolisha wengine! Kina mama ninaowahoji wananiuliza kwa nini, na wana haki ya kulisikia jibu kutoka kwangu.

Mkulima, Kiteto

Nyote mnabishana kuhusu majibu. Maswali je, nani aliyatunga? Sisi tulitaka kujua jambo moja: mahindi yakinyeshewa yakiwa kwenye turubai, ukayaanika tena yakakauka, yanafaa kuliwa au hayafai? Hakuna aliyekuja na swali hilo. Walikuja na la "mtazamo wa kaya", kurasa nyingi. Nasikia Morogoro kuna shirika la kilimo hai linalowakutanisha wakulima na wanafunzi wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, mkulima anataja shida yake na mwanafunzi anaibeba kuwa utafiti. Tuleteeni na huku.

Mchangiaji, Dodoma mjini

Angalizo dogo: muhtasari ukishakuwa sharti la kuhitimu, kuna mtendaji atauza mhuri. Mtu atahitimu na mkutano haukukaa.

Afisa ugani, Kongwa

Dada wa Iringa, hapo kwenye bajeti umenimalizia kazi. Ndugu wa Dodoma, basi na sisi maafisa ugani tutie saini, na mwanafunzi aache nakala ya maelezo yake ya Kiswahili ofisini kwa kijiji. Mkutano ambao haukukaa hauwezi kuacha karatasi inayosomeka na kila anayeingia.

Mwalimu, hofu ya soko ni ya kweli. Ndiyo maana majibu ya kaya apewe mwenye kaya, mlangoni kwake. Mkutanoni yasemwe ya kutenda: karanga zimenywe kavu, zilizokunjamana zisiingie kwenye uji, mahindi yaanikwe juu ya turubai, yasilazwe ardhini. Hayo hayamtaji mtu wala hayashushi bei. Jaribio la chumvi nalo, tia chumvi kavu na punje kwenye chupa kavu, tikisa, acha kidogo; chumvi ikiganda kwenye kioo mahindi bado mabichi. Hakuna haja ya kusubiri msimu wa pili wa sampuli kulisema hilo.

Na huyu wa Kiteto ajibiwe hapa hapa: ndugu, kukausha tena kunazuia ukungu usiendelee, lakini sumu iliyokwisha kutengenezwa haiondoki kwa jua wala kwa kupika. Yakikaa na unyevu siku kadhaa, ukaona ukungu, usiyale na usiwape kuku.

Mwalimu, umesema kanuni huiungi mkono. Wanafunzi unaowasimamia msimu huu, je, unaweza kuwataka waiweke safari hiyo kwenye andiko hata bila kanuni?