Kaisari Justinian na shule ya Athene mwaka 529: aliua nini hasa?

Mtoro wa Maktaba
Wakuu, kila mada ya historia ya Ulaya lazima atokee mtu na ile sentensi: "Mwaka 529 Justinian alifunga Chuo cha Plato, giza likaingia." Mimi siinunui. Chuo cha Plato mwenyewe kilishakufa zamani. Sulla wa Roma alipoizingira Athene mwaka 86 KK alikata hadi miti ya Akademia, bustani kilipokuwa chuo hicho, kutengenezea mitambo ya vita. Kilichoguswa 529 ni shule ya akina Proclus, wanafalsafa wapagani waliomfuata Plato, iliyoanza mwishoni mwa karne ya nne BK, ikiendeshwa kwenye nyumba za watu. Na Aleksandria waliendelea kusomesha Plato na Aristotle kama kawaida, maana kule Ammonius, mwalimu wa falsafa, alishajifunza kula na wakubwa, kama walimu wetu wa leo. Sasa niambieni, Justinian aliua nini?

Njiwa Manga
Nyumba za watu ndiyo, lakini usiifanye kama tuisheni ya uani. Shule ilikuwa na wakfu. Damascius, aliyekuwa mkuu wake amri ilipotoka, anasema enzi za Proclus mapato yalifika sarafu elfu moja za dhahabu kwa mwaka, au zaidi kidogo, kwa sababu watu walikuwa wakifa wanaiachia mali. Sheria za Justinian ziliwazuia wapagani kufundisha na kupokea posho ya serikali, na asiyebatizwa alinyang'anywa mali. Damascius huyo, mzee anayekaribia sabini, akafunga virago kwenda Uajemi kwa mfalme Khosrow, yeye na wenzake sita: Simplicius, Priscianus, Isidore wa Gaza na wengine. Mzee wa umri huo anahama nchi bure?

Kidole Tupu
Si ndiye huyohuyo Justinian aliyemuua yule mama mwanahisabati?

Njiwa Manga
Hypatia aliuawa 415. Justinian kazaliwa karibu na 482. Wauaji walikuwa kundi la Wakristo wa Aleksandria, katikati ya ugomvi wa askofu Cyril na liwali Orestes.

Kidole Tupu
Haya, miaka tofauti. Damu ni ileile.

Chaki Nyeupe
Mleta mada, hilo la Ammonius "kula na wakubwa kama walimu wetu wa leo" ulikuwa unamsema nani? Nipo darasani saa hizi nasahihisha madaftari ya watoto wa watu, naingia humu kupumzika, nakutana na matusi.

Mtoro wa Maktaba
Mwalimu, mimi nimerudia tu ya Damascius. Aliandika kwamba Ammonius ana tamaa ya aibu, anapima kila kitu kwa faida, na kwamba alifanya makubaliano na askofu. Kama limekuwasha, sijui nisemeje.

Chaki Nyeupe
Limeniwasha ndiyo! Huyo Damascius alikaa mbele ya Ammonius akasomeshwa Plato na elimu ya nyota ya Ptolemy, leo ndiye shahidi wako? Miaka ya 480 wapagani wa Aleksandria walisakwa, wakakamatwa, wengine wakateswa. Damascius na mwalimu wake Isidore (si yule wa Gaza) walikimbia. Ammonius alibaki na wanafunzi. Unajua waliopita mikononi mwake? Simplicius. Asclepius. John Philoponus, Mkristo, ambaye mwaka huohuo wa 529 aliandika kitabu kumpinga Proclus kwamba ulimwengu una mwanzo. Hata Olympiodorus, mpagani kabisa, mwaka 565 alikuwa bado anafundisha mjini humo. Funika kombe mwanaharamu apite, masomo yaendelee. Wewe ungefanyaje?

Mla Vitumbua
Nimepita kwa Malalas, mwandishi wa enzi hizo anayetaja amri ya Justinian kwa Athene. Wakuu, amri hiyohiyo inapiga marufuku falsafa NA kamari. Kule Constantinople wacheza dado waliokamatwa wanakufuru walikatwa mikono, wakapitishwa mjini juu ya ngamia. Vijana wa mikeka mpo?

Kidole Tupu
Tupo, na mikono yetu miwili. Endeleeni na Plato wenu.

Njiwa Manga
Turudi kwenye swali. Waliokwenda Uajemi walitegemea kukuta dola la haki kama alilochora Plato. Mwanahistoria Agathias anasimulia kwamba walikuta wezi, wazinzi, na maiti zimeachwa zitafunwe na mbwa. Khosrow aliwapenda, akataka wabaki, wao wakataka kwao. Mwaka 532 akifanya mkataba wa amani na Justinian, akaweka sharti kwamba warudi bila kubughudhiwa. Wakarudi. Simplicius akaandika sharhe kubwakubwa za Aristotle, na sehemu kubwa ya tulichonacho cha Parmenides, mwanafalsafa wa kabla ya Plato, imepona humo. Lakini nitajieni mwanafunzi mmoja wa Simplicius. Mmoja tu. Kalamu aliachiwa, darasa hakurudishiwa. Hapo ndipo Justinian alipoua.

Chaki Nyeupe
Ndiyo nasema Ammonius alikuwa na akili kuliko wote. Wanafunzi wake tunawataja hadi leo.

Mtoro wa Maktaba
Akili ya tumbo. Damascius angalau hakuinama. Aliporudi bado alikuwa na utu wake. Kuna jiwe la kaburi lilipatikana Emesa, Homs ya leo, Siria, la mwaka 538, lenye beti zake kwa mwanamke aitwaye Zosime: kwamba alikuwa mtumwa wa mwili tu, na sasa mwili nao umepata uhuru.

Mla Vitumbua
Subiri. Yaani amekuwa huru kwa kufa?

Chaki Nyeupe
Asante Vitumbua! Huo ndio utu wenyewe? Mwanamke katumika maisha yake yote, anakufa, mwanafalsafa anamwandikia mashairi mazuri. Si angemwacha huru angali hai? Halafu mnunuliwa ni Ammonius!

Mtoro wa Maktaba
Imeandikwa wapi kuwa alikuwa mtumwa wake? Beti hazisemi hivyo.

Chaki Nyeupe
Na makubaliano na askofu yalisema nini? Soma vipengele hapa, tunasubiri.

Njiwa Manga
Jamani, mwanafunzi wa Simplicius?

Mla Vitumbua
Mimi nimebaki kwa Zosime. Kama roho ilikuwa huru tayari kama anavyodai huyo mzee, basi bwana wake hajamkosea kitu, si ndiyo? Hiyo falsafa inamfaa nani, mtumwa au mwenye mtumwa?

Mtoro wa Maktaba
Fungua mada yako.

Mla Vitumbua
Nishaifungua. Karibuni.